Nyapara wa Pareto

Jina lake la kweli nalijua, lakini sitaliandika. Alikaa miaka akilificha, na mimi si mtu wa kumvua mwenzangu nguo aliyojifunika kwa taabu. Jina la pili, lile alilopewa na mzungu wa shamba, lilikuwa la kwetu Maragoli, na lilimkaa vibaya kama kiatu cha kuazima. Sisi wanawake wa laini, safu ile ya vyumba vya vibarua, tulimwita Nyapara naye akaitika, kwa hiyo hata hapa atakuwa Nyapara.

Alisimamia wanawake wachumaji wa pareto, maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu, katika shamba moja juu ya Molo, upande wa kwenda Keringet, miaka ile ya hamsini. Anayeijua Molo anaijua baridi yake. Asiyeijua afikirie nyasi zimekuwa nyeupe kwa jalidi, maua yamejikunja, na wanawake wamesimama kando ya shamba mikono kwapani wakingoja jua. Yeye hakuwa akingoja. Alikuwa ameshaingia kati ya mistari, kabuti la mwanamume limemfika magotini, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi, akituuliza kama tunadhani maua yatatufuata.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, nami nitakisema mapema: alitaka asiondolewe mlimani. Nyapara alikuwa Mkikuyu. Serikali ilipotangaza hali ya hatari kupambana na waasi wa Kikuyu, Wakikuyu wa mashamba yale walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa stesheni, wakatiwa kwenye gari la moshi warudishwe kwao. Wengi wao hawakuwa na kwao kwingine, walizaliwa palepale. Siku malori yalipofika kwenye laini ile, yeye alikuwa Keringet, ametumwa miche ya pareto. Aliporudi alikuta milango wazi na sufuria bado ziko motoni. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amekwenda na wengine. Mpishi wa mzungu ndiye aliyempa maneno ambayo binti aliyapaza akiwa juu ya lori: mama asihame, nitarudi.

Mzungu akabaki na mashamba meupe na hakuna mikono inayoyajua. Akasema huyu mama ni Mluhya, kabila ambalo sisi Waragoli ni tawi lake, na kwa kuwa mzungu ndiye aliyesema, ikawa hivyo. Kama alifanya kwa huruma au kwa pareto, sijui. Nadhani ni kwa pareto.

Sisi ndio tulioletwa kujaza pengo. Mimi nilikuwa nimeachana na mume, na kwa baba yangu shamba lilikuwa limegawanywa mpaka likawa upana wa leso. Mwandikaji wa vibarua alipokuja sokoni akasema kazi ni ya msimu, maua yakiisha mnarudishwa, niliona nibebe sufuria yangu nipande. Tulikuja kwa lori, Waragoli wengi na wanawake wachache wa Kisii, tukitapika kwenye kona. Vyumba vya laini tulivikuta vitupu, vimefagiwa. Hakuna aliyetuambia vilikuwa vya nani, na sisi tulikuwa tumechoka mno kuuliza.

Kumgundua hakukuhitaji akili nyingi. Alitusalimia “mulembe”, tukafurahi tukamjibu kwa lugha yetu, na hapo lugha ikamwishia. Kisha akajitwika kikapu. Kwetu msichana mdogo hubeba mtungi wa maji kichwani bila kuushika, na njiani anagombana na watu wawili. Huyu mama mzima alishika kikapu kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa, akitembea kama amebeba mayai ya jirani mgomvi. Tulitazamana. Jioni mmoja wetu akasema kwa lugha yetu kwamba kama huyu ni Mluhya basi yeye ni mke wa gavana. Mwenzake akamwambia anyamaze ale. Huo ndio mkutano pekee tuliofanya juu ya jambo hilo.

Mwenyewe alikuwa na amri yake, na aliitoa kwa kila lori la wageni. Mtu asiulizwe ametoka wapi, aulizwe kama amekula. Wageni waliipokea kama wema, wakasema mama huyu ana utu. Wema ulikuwamo, sikatai, lakini amri ile ilikuwa ni boma alilojijengea. Na kweli alikuuliza kama umekula. Ukisema hapana, alikupa viazi. Chumvi hakukupa, kwa chumvi alikuwa bahili wa kutisha, aliifunga kwenye kitambaa akalala nayo.

Kazini hakuwa na utu hata kidogo. Pareto huchumwa kichwa cha ua peke yake, kimefunguka vizuri, bila kijiti cha chini, ambacho tulikiita mkia. Mkia ukiingia kiwandani unaharibu mzigo wote, ndivyo alivyosema, na akiukuta ndani ya kikapu chako alikimwaga chini mbele ya watu, uokote moja moja. Mimi nilimwagiwa wiki ya kwanza nikalia kwa hasira. Alisimama juu yangu akisema kwa Kiswahili chake kibovu kwamba ua haina kabila, iko na mkia tu. Mama mmoja wa Kisii, mkubwa wa mwili na wa mdomo, akauliza kutoka mstari wa pili kama na nyapara naye ana mkia. Tulicheka mpaka vikapu vikatikisika. Nyapara naye alicheka, akajifuta machozi, kisha akaenda akakimwaga kikapu cha Mama wa Kisii.

Jumapili alikuja nasi kwenye maombi, maana Mragoli asiyeomba ni wa kutiliwa shaka. Nyimbo hakuzijua. Alisimama katikati yetu akichezesha midomo, na siku moja wimbo uliisha yeye akaendelea kuichezesha peke yake kwa muda. Kiongozi wa maombi, mzee wa kwetu, alimtazama, akaanzisha ubeti mwingine haraka. Alinusa ugoro kanisani pia, na huo sijui alitaka uonekane wa kabila gani.

Nilisema alikuwa bahili, lakini mimi alinipa chumba kizuri kuliko vyote, cha mwisho kwenye laini, mlango umegeuzia upepo kisogo. Wenzangu walinuna. Yeye mwenyewe alilala cha kwanza, kwenye upepo, na hakueleza. Jambo moja lilinishangaza: hakuwahi kuingia humo. Akitaka kunituma au kunigombeza alisimama nje ya kizingiti, hata mvua ikimpiga mgongoni, na nikimkaribisha alisema ana haraka. Nilidhani ni kiburi cha unyapara. Vyumba vya wengine aliingia bila hodi na kufunua sufuria.

Sasa nieleze nilivyohamia Molo, kwa sababu watu huniuliza wakidhani niliupenda mlima. Nani apende kule? Tulipofika mvua za kwanza zilikuwa zinaanza, tukaomba kila mtu apewe kipande nyuma ya laini apande mahindi. Mbegu tulikuja nazo kutoka nyumbani. Kwetu mahindi unapanda, unapalilia, na kabla hujasahau uliyapanda lini unachoma. Tulihesabu kwamba maua yakiisha na mahindi yatakuwa tayari, tutashuka na magunia. Nyapara alitugawia vipande kwa furaha ambayo sikuizoea kwake. Alitusaidia hata kulima. Mtu akamwuliza kama udongo ni mzuri, akasema ni mzuri sana, na hilo ni kweli.

Asichosema ni kwamba huku juu mahindi hayana haraka. Baridi inayashika. Msimu ulipofika mwisho na lori likaja kuturudisha, mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, kijani kibichi, hayajatoa hata kishada. Tuliyatazama, tukatazama lori. Utayaachaje? Nyapara alipita karibu akasema kana kwamba anazungumza na upepo kwamba kwa mzungu bado kuna kazi ya kupalilia, anayetaka kungoja shamba lake angoje. Wengi tukangoja. Tulivuna karibu na Krismasi, na kufikia hapo kulikuwa na viazi vya kupanda, na baada ya viazi maua yakafunguka tena. Ndivyo tulivyokuwa watu wa Molo, kwa kungoja mahindi.

Mwaka wa pili lori jipya lilipokuja na wageni wakauliza kuhusu mahindi, nilifungua mdomo niwaambie, Nyapara akanikanyaga mguu. Baadaye nilielewa. Kila mgeni alikuwa mdomo mpya ambao haujajifunza kunyamaza. Sisi tuliokaa tulikuwa tumeshajifunza. Kila aliyefungwa na mahindi yake alikuwa tofali moja zaidi kwenye boma lake. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, na yeye alikuwa akipona kwa njia hiyo, msimu baada ya msimu.

Mara moja tu boma lilitaka kuanguka, na yeye mwenyewe ndiye aliyelibomoa. Ilikuwa alasiri, magunia ya maua mabichi yamepangwa kando ya shamba yakingoja mkokoteni, na mvua ya mawe ikashuka bila taarifa. Maua yakilowa namna hiyo yanachacha, kazi ya watu wote inatupwa. Tulikimbia huku na huku tukijitwika, magunia yanateleza. Nyapara alisimama kidogo. Kisha akavuta kamba ya gunia, akalitupa mgongoni, akapitisha kamba kwenye paji la uso, akaongeza gunia la pili juu ya la kwanza, akainama na kuondoka mbio, mikono mitupu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nilikuwa namfahamu kwa muda mrefu na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitembea na mwili wake mwenyewe. Alipendeza, nasema kweli.

Wanawake wa Kikuyu ndivyo wabebavyo, mgongoni, na kamba kwenye paji. Sisi na Wakisii tunabeba kichwani. Kila mtu wa mlima ule alilijua hilo, na askari wa doria aliyekuwa amejikinga mvua chini ya paa la nyumba ya kukaushia maua alilijua kuliko sote, maana kazi yake ilikuwa kutafuta waliobaki. Nyapara alitua mzigo miguuni pake. Kitambaa kilikuwa kimerudi nyuma, na pale kwenye paji kulikuwa na mfereji uliochimbwa na kamba za miaka. Nilifika nikasikia askari akimwuliza yeye ni mtu wa wapi. Akasema Mragoli. Askari akauliza kama siku hizi Waragoli wanabeba hivyo, kwa upole kabisa, na hakungoja jibu. Mvua ilipopungua alipanda baiskeli yake akasema kesho atarudi na mkubwa wake.

Jioni ile Nyapara alipika, akala, akafunga chumvi yake. Hakumlilia mtu. Hakuna aliyeitisha kikao, na atakayekuambia kulikuwa na mpango anakudanganya. Mama wa Kisii alipita kwenye milango akisema kwa sauti kwamba kama kuna mtu anafikiria upuuzi, yeye shingo yake ataiacha ilivyo. Ndivyo nilivyojua kwamba wengi walikuwa wanafikiria nilichokuwa nafikiria. Asubuhi nilitoka na kamba ya katani nikidhani nitakuwa wa kwanza, nikakuta wawili wako shambani tayari, wanahangaika, kikapu kinawapiga makalioni. Kufikia jua kupanda wote tulikuwa tumefunga kamba kwenye paji, tunatembea kama ng'ombe wa siku ya kwanza kwenye jembe. Mama wa Kisii peke yake alikuwa na gunia lake kichwani, akituambia tunavyoonekana.

Land Rover ilifika. Mkubwa wa askari alikuwa mzungu kijana aliyekosa usingizi. Alitutazama, akamtazama askari wake, akatutazama tena. Akauliza kwa nini tunabeba hivyo. Nyapara alikuwa mbele yangu, naona nyama ya shavu lake inacheza. Nikajisikia nasema.

“Bwana, huku juu iko upepo mingi. Mzigo ya kichwa inatupwa.”

Sijamaliza, gunia la Mama wa Kisii likaanguka. Lilipasuka, upepo ukachukua maua, yakatapakaa mpaka kwenye buti za mzungu. Mpaka leo sijui kama liliangushwa au lilianguka, na mwenyewe hakuwahi kusema. Mzungu kijana aliyatazama maua, akapanda gari. Askari alibaki kidogo akimtazama Nyapara. Naye alijua kwamba tunajua. Kisha akapanda, wakaenda.

Shukrani hatukupata. Nyapara aligeuka akauliza nani ataokota uchafu ule, akatuinamisha sote, naye akaokota pamoja nasi. Shingo iliniuma wiki nzima. Jumapili iliyofuata alinijia, akasimama nje ya kizingiti kama kawaida, na hapo ndipo aliponiambia habari za binti na lori. Alizisema bila kupamba. Mwisho akasema:

“Nikishuka huu mlima, yeye akirudi atauliza nani?”

Nilimwuliza kama amekula.

Karibu na mwisho wa miaka ile moshi wa nyumba ya kukaushia ulikuwa umemla macho. Aliacha kazi, akapanga chumba Molo mjini nyuma ya duka la Mhindi, akawa anauza chai na viazi vya kuchemsha stesheni, pale behewa la daraja la tatu linaposimama. Nilimpitia Jumamosi nikienda sokoni. Aliniuliza kama wasichana wapya wanaacha mikia, lakini hakunitazama usoni, alitazama milango ya behewa. Siku hizo Wakikuyu walikuwa wameanza kuruhusiwa kupanda mlima tena mmoja mmoja kwa kibali, kama vibarua wa msimu, kwenye mashamba waliyokulia. Walishuka na vifurushi, wakanywa chai yake, wakauliza njia ambazo walikuwa wakizijua, kwa kuogopa kuonekana wanazijua. Nyapara aliwajibu kwa Kiswahili. Alikuwa ameshazoea hivyo.

Mara ya mwisho nitakayoieleza ilikuwa Jumapili, nakaanga mboga. Kivuli kikafunika mlango. Nyapara alikuwa amesimama nje ya kizingiti, na kando yake mwanamke kijana mwembamba, kabuti la kuazima, kifurushi kimoja.

“Ni huyu,” Nyapara akasema. “Ameandikwa kwa msimu.”

Nilijua ni binti yake, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Binti akasema hodi, kwa adabu, kama mgeni yeyote. Nikasema karibu. Akaingia, na macho yake bado yana mwanga wa nje, mimi mwenyewe nikitoka juani sioni kitu humo, akavua kabuti akanyoosha mkono nyuma ya mlango bila kutazama, akalitundika. Kuna msumari pale. Mwaka wangu wa kwanza nilichana leso juu yake kabla sijajua upo.

Nikageuka kumtazama Nyapara.

“Alizaliwa humo,” akasema. “Alilala humo mpaka siku ya lori.”

Nilikuwa nimelala humo miaka yote ile. Nilikuwa nimemwambia karibu mtu kwenye nyumba yake, naye akaniambia hodi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwuliza Nyapara kwa nini hakuniambia.

“Ningekuambia, ungelala?”

Nilitoa mboga motoni. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu, sufuria, vijiko, taa. Nyapara akasema hawakuja kunitoa. Nikasema najua. Binti naye akaanza kusema hapana, mama, kaa, mimi nitapata chumba kingine. Nikamwambia aache maneno ashike upande ule wa kitanda changu, tukakitoa nje.